Volti Haina Shemeji

Mume wa mdogo wangu hakuwa mhandisi. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe aliishi miaka sita akiamini kinyume chake, na sisi wengine, kwa woga au kwa faida zetu, tukamwacha aamini.

Alikuwa tarishi. Kabla mtambo wa umeme haujaletwa kwetu, kazi yake ilikuwa kubeba mafaili kutoka mlango huu kwenda mlango ule katika ofisi ya serikali. Utarishi si aibu. Baba yetu alikuwa mchimba visima, akirudi nyumbani na tope mpaka masikioni, na hakuwahi kumficha mtu kazi yake. Lakini huyu bwana alikuwa akilishika faili kana kwamba ndiye aliyeliandika. Ukikutana naye njiani ukamwuliza anakwenda wapi, hasemi anapeleka barua. Atasema, "Kuna suala nalishughulikia." Nadhani mdogo wangu alimpendea hilo, maneno makubwa na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Wanasema mapenzi ni upofu, ila nimeona watu wengi wakijifumba macho wenyewe.

Makazi yetu yako juu, mbele ya mahali nguzo za umeme wa serikali zilipoishia. Kila mwaka tuliambiwa nguzo zitafika. Tulipochoka kuambiwa, ushirika wetu ukatafuta wafadhili na kujenga mtambo wake. Paneli sitini za sola zikapangwa juu ya mabanda mawili, kinu cha upepo kikasimamishwa kwenye mlingoti, na kikajengwa chumba cha betri. Betri zilikuwa ishirini na nne, za volti mbilimbili, kila moja ina kimo cha mtoto wa miaka miwili, zimefungwa mkia kwa kichwa kama mnyororo. Umeme wenyewe ulikuwa ule wa betri, unaokwenda upande mmoja tu, volti arobaini na nane. Taa, feni, majokofu na mota ya pampu vyote vilinunuliwa vya kulingana nao.

Ukutani mwa chumba hicho palikuwa na swichi sita. Ya kwanza ilikuwa ya zahanati na wodi ya wazazi. Ya pili ilikuwa ya pampu ya maji, na pampu ndiyo kazi yangu mpaka leo. Ya tatu shule, ya nne karakana na maduka, ya tano mtaa wa juu, ya sita mtaa wa chini.

Kamati ikatangaza inatafuta mtu wa kukaa na swichi. Walijitokeza wawili. Mmoja alikuwa fundi wa redio, aliyeujua umeme kuliko kamati nzima ukiwajumlisha, lakini alikuja na ndara na alikuwa na kigugumizi. Mwingine alikuwa shemeji yangu na shati lake. Kamati haikuhitaji hata kurudi faragha.

Akapelekwa mjini kwa mafunzo ya wiki tatu. Akarudi na cheti cha kuhudhuria. Sikusema cha kufaulu, nimesema cha kuhudhuria. Akakitia kwenye fremu ya kioo, akakitundika sebuleni mahali palipokuwa na picha ya harusi yao. Mfuko wa shati ukapata bisibisi, inachungulia nje kama kalamu ya daktari.

"Kuanzia leo," alituambia tukiwa mezani, "mtu akija hapa kunitafuta, aseme anamtafuta Mhandisi."

Mdogo wangu akanitazama, akaona ninataka kucheka, akanipitishia sahani ya mkate. Basi mbele yake watu wakamwita Mhandisi. Nyuma yake jina lake lilikuwa Bwana Swichi.

Kazi aliyopewa haikuwa ngumu. Asubuhi usome mita uandike daftarini. Ufunue vifuniko vya betri, na pale maji yalipopungua uongeze maji ya betri, yale yanayouzwa kwenye madumu. Jua likiwa kali na betri zimejaa, uupeleke umeme wa ziada kwenye koili ya pipa la wodi, wazazi wapate maji ya moto ya kuoga. Mawingu yakikaa siku mbili tatu, uzime mistari inayoweza kusubiri kabla betri hazijachoka. Ni kazi ya mtu mtulivu anayependa kusoma namba. Bwana Swichi alisoma nyuso.

Mfano ni seremala. Siku moja Bwana Swichi aliingia karakana na watu wakasimama, isipokuwa seremala, ambaye alikuwa ameinama anapima ubao.

"Hunioni?" Bwana Swichi akamwuliza.

"Nakuona."

"Unaniitaje?"

Seremala akaweka alama yake kwa penseli kwanza. "Nakuita jirani."

"Jirani si cheo."

"Kweli," seremala akasema, "si cheo."

Kesho yake saa tano asubuhi, jua linawaka na betri zimejaa pomoni, mashine ya kuranda iko katikati ya ubao, mstari wa nne ukakatika. Ukarudi saa nane. Ikawa hivyo kila siku kwa wiki mbili, na daftarini imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa tarishi: *matengenezo*. Seremala akachukua randa ya mkono, hakuja kuomba. Aliyekuja ni mkewe, kwa mlango wa nyuma, kwa mdogo wangu. Wote walipita mlango huo wa nyuma. Mwenye harusi, mwenye mgonjwa, mwenye duka la vinywaji baridi, walikuja kumbembeleza mdogo wangu amwambie Mhandisi. Mdogo wangu alisikiliza, akawapa viti, na jioni akambembeleza mumewe kwa niaba ya watu ambao mchana hawakumsalimu sokoni.

Na kama kumsema mtu ni haki basi nijiseme na mimi. Ninaishi mtaa wa juu, mstari wa tano. Miaka yote aliyoshika swichi, mkono wake haukuukata mstari wa tano hata mara moja, mvua inyeshe isinyeshe. Mtaa wa chini wakikaa gizani, kwangu feni ilikuwa inazunguka. Nilijua sababu. Nilimwita shemeji, nikamchekea, nikamwekea kiti chenye mto. Tulimvisha kilemba cha ukoka, kisha tukashangaa kwamba hakivui hata akienda kulala.

Betri hazikupendezwa na utawala huo. Alipotaka kumfurahisha mtu alizikamua mpaka zikalegea, na alipokuwa na shughuli ya kupokea salamu alizisahau zikichemka. Chumba kikaanza kunuka mayai viza. Mwaka wa tano, mawingu ya siku moja yalitosha kutuzima wote, pamoja na wodi. Mkunga alizalisha kwa taa ya simu aliyoishika kwa meno. Kesho yake akaenda kwenye kamati na simu yenyewe, akawaonyesha alama za meno kwenye kava, akakaa kitini akasema haondoki mpaka aletwe mtu anayejua.

Akaletwa mwanamke mmoja mwembamba, wa miaka thelathini na kitu, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa uzi. Huyu alikuwa mhandisi, na hakuna siku nilimsikia akijiita hivyo. Alishinda asubuhi nzima chumbani na tochi, anafunua betri moja moja na kufyonza asidi kwa kipimo chake cha kioo. Mimi nilisimama mlangoni kwa sababu nilitaka kuona.

"Mnaongeza maji gani humu?" akauliza.

"Maji safi," Bwana Swichi akasema.

"Safi ya wapi?"

"Ya bomba. Anayeyapampu ni shemeji yangu huyu hapa. Maji yetu hayana shaka."

Yule mwanamke akanigeukia. Nikamwambia, "Maji ya betri huwa yanaletwa. Anawagawia marafiki zake wenye magari."

Bwana Swichi akanitazama kama mtu aliyedonolewa na kuku wake. Mhandisi akatoa kalamu. Aliandika.

Baada ya mwezi alirudi na kisanduku cha chuma, kikubwa kama sanduku la kuhifadhia mkate, akakifunga ukutani mahali pa swichi. Swichi zenyewe akazifunika kwa bati na kuzipiga skrubu. Kisha akatuita darasani tuelezwe, maana alisema mtambo ni wetu. Alinichagua mimi.

"Mama wa pampu, tangi lako likijaa unajuaje?"

"Kuna boya ndani. Likipanda juu kabisa linafunga maji."

"Nani analiamuru boya?"

"Nani wa kuliamuru? Maji yakipanda linapanda."

"Basi," akasema, akachora tangi ubaoni. "Volti za mstari wetu ni kina cha maji hayo. Kisanduku kinatazama kina tu. Betri zikiwa na nguvu, kila mtu anapata. Volti zikishuka kufika arobaini na nane, karakana na maduka yanapumzika. Zikishuka hadi arobaini na saba, mitaa yote miwili inapumzika. Arobaini na sita, shule na pampu. Wodi ya wazazi ni ya mwisho kabisa. Na zikipanda kupita hamsini na saba, kisanduku kinazibana paneli na kupeleka nguvu za upepo kwenye pipa la maji ya moto, ili betri zisichemke."

Mwenyekiti wa kamati akainua mkono. "Na akija mkubwa?"

"Mkubwa gani?"

"Tuseme mgeni wa serikali."

"Kisanduku hakitamjua."

Bwana Swichi alikuwa amekaa mbele, mguu juu ya mguu. "Samahani, mwenzangu," akasema kwa sauti ya wataalamu wawili wanaoelewana. "Kitaalamu, nani anaamua?"

"Hakuna anayeamua. Volti zikipanda au zikishuka, kila kitu kinajipanga."

"Hata kwa shemeji wa mtu?" akasema mtu wa mtaa wa chini, na darasa zima likaangua kicheko.

"Volti haina shemeji," yule mwanamke akasema. Hakucheka.

Mimi nilicheka, lakini si sana.

Miezi miwili iliyofuata ilikuwa ya ajabu kwa sababu hakuna kilichotokea. Umeme ulikuwepo. Mawingu yalipokuja, maduka yalipumzika, mitaa ikapumzika, jua likarudi, kila kitu kikarudi, na hakuna aliyembembeleza mtu. Kwangu pia ulikatika mara mbili, nikakaa barazani na kanga begani kama wenzangu. Bwana Swichi alibaki na kazi ya kupangusa paneli, kuongeza maji ya betri na kuandika namba. "Kazi ya yaya," aliiita. Watu hawakumchukia. Walimfanyia kibaya zaidi, walimsahau. Akipita mbele ya karakana, seremala alimwambia "habari za asubuhi, jirani," kwa upole kabisa, na nina hakika salamu hiyo ilimchoma kuliko tusi.

Mtu mwingine angetulia. Yeye siku moja, katika kupangusa vumbi, alikigusa kisanduku na waya mmoja mwembamba ukalegea. Namba kwenye kioo cha kisanduku zikaanguka, na nje maduka yakazimika. Alipoukaza, yakawaka. Ulikuwa waya wa kupimia, kisanduku kilikuwa kikijua volti kwa waya huo na si kwa njia nyingine. Tarishi wa miaka mingi anajua thamani ya kuwa njia pekee ya barua. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Bwana Swichi alielewa jambo la kiufundi, na alilielewa kwa ajili ya uovu.

Alikwenda kwa fundi wa redio akachukua kile kidude cha kuzungushia sauti kutoka redio mbovu. Akakikatiza kwenye ule waya na kukificha ndani ya mtoto wa meza. Sasa akikizungusha kidogo, kisanduku kinaambiwa volti zimeshuka. Kinatii, kwa sababu hakina namna nyingine. Maduka yanazimika. Akizidisha kidogo, mitaa inazimika.

Watu wakaanza tena kukimbia. "Mhandisi, kumezimika." Naye alikuwa hakimbii. Alivaa shati kwanza. Alitembea polepole katikati ya barabara, akafungua kufuli, akajifungia ndani kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, akakirudisha kidude mahali pake, taa zikawaka, akatoka akijifuta mikono ambayo haikugusa hata vumbi.

"Kisanduku hiki," alisema akitikisa kichwa, "kitakuja kutuumiza."

Kinachonikera hata leo ni jinsi ilivyochukua muda mfupi. Mwezi haukuisha, viti vikarudi, chai ikarudi, na mlango wa nyuma wa mdogo wangu ukaanza kugongwa. Kamati ile ile iliyoonyeshwa alama za meno ikaitisha mkutano kujadili kama kisanduku kiondolewe na swichi zifunuliwe. Wakamwita mhandisi aje ajitetee.

Siku ya mkutano lilikuwa jua la kuchoma na upepo wa kuangusha ndoo. Bwana Swichi alitaka kila mtu ajionee mwenyewe. Saa tatu asubuhi alikizungusha kidude mpaka mitaa na maduka vikazimika, safari hii akakiacha hapohapo, akafunga chumba, akaja ukumbini kukaa safu ya mbele. Feni hazizunguki, kipaza sauti hakisemi. Watu wakajipepea kwa madaftari na kumtazama yule mwanamke kwa jicho baya. Mwenyekiti akasimama kuhutubia kwa koo lake, na mwenyekiti wetu akishasimama huwa haketi.

Mimi nilikuwa kazini. Nilianza kusikia kwa masikio, kabla sijaona. Pampu yangu naijua sauti yake kama ninavyojua kikohozi cha mama yangu. Siku hiyo ilikuwa inalia juu kuliko kawaida, kama mtu anayeongea harakaharaka kuficha jambo. Nikaweka kiganja kwenye mota, nikakitoa upesi. Mhandisi alikuwa ameniachia mita ndogo ukutani, kwa sababu niliiomba. Nikaitazama. Hamsini na tisa. Kabla sijaamini macho yangu ikawa sitini. Kama betri zimechoka kiasi cha mitaa kuzimwa, sitini zinatoka wapi?

Nikaizima pampu kwa mkono na kutoka. Njiani nilikutana na mkunga. Taa mbili za wodi zilikuwa zimepasuka, naye amemtoa mzazi mmoja na kichanga chake kwenye baraza. Kutoka chumba cha betri ile harufu ya mayai viza ilikuwa inakuja nzito, na ukisimama karibu na dirisha unasikia kitu kama sufuria ya uji ikichemka jikoni. Kufuli limefungwa. Nikashika njia ya ukumbini, na kwa umri wangu nilikwenda mbio.

Nilimkatiza mwenyekiti. "Mita ya pampu inasoma sitini na moja."

Bwana Swichi akageuka kitini. Alikuwa anatabasamu. "Shemeji, kisanduku kinasoma arobaini na sita na nusu, nimekisoma mwenyewe asubuhi. Hii ni mada ya kiufundi. Rudi kwenye ndoo zako, tutakuja kukueleza."

Watu wengine wakacheka. Yule mwanamke alikuwa ameshasimama. "Ulipima wapi?"

"Ukutani, palepale ulipoiweka."

"Ufunguo," akamwambia Bwana Swichi.

"Nimeusahau nyumbani," akasema, na mkono wake ukaufunika mfuko wa suruali.

Hakubishana naye. Alituambia tumfuate, na njiani akatoa maagizo mawili tu, mtu asiwashe kiberiti, na mtu asiguse swichi ya aina yoyote, maana hewa ya betri zinazochemka hulipuka. Alikimbilia kwanza kwenye mabanda, akazitenga paneli kwa vikata umeme vya nje, kisha akavuta kamba ya breki mpaka kinu kikasimama. Seremala akatoa patasi mfukoni akaanza na bawaba za mlango. Alifanya kazi bila papara, kama mtu anayetengeneza mlango na si anayeuvunja. Mlango ulipoegemezwa pembeni, hewa iliyotoka ilitukohoza wote.

Vifuniko vitatu vya betri vilikuwa vimerushwa. Asidi ilikuwa sakafuni. Betri moja imepasuka ubavu, na ukichungulia ndani ya nyingine unaona mabati makavu juu ya maji yaliyobaki. Kisanduku kiko ukutani, kimetulia, namba zake zinasema arobaini na sita na nusu.

Mhandisi alisubiri mpaka hewa ikapoa. Akaushika ule waya mwembamba, akaufuata kwa vidole mpaka kwenye meza, akavuta mtoto wa meza.

"Hiki ni nini?"

Bwana Swichi alijikohoza. "Ni kifaa cha kurekebisha."

"Kurekebisha nini?"

Aliyejibu alikuwa nyuma ya watu, fundi wa redio. "Hi-hicho ni cha-changu," akasema. "A-aliniambia ni cha u-utafiti." Tulimsubiri mpaka akamaliza, jambo ambalo kwa desturi hatukuwa tukilifanya.

"Kisanduku kimeamini ulichokiambia," mhandisi akamwambia Bwana Swichi. Hakupaza sauti. "Kimeamini betri zina njaa, kikaendelea kuzilisha. Umezima mitaa na maduka, kwa hiyo hapakuwa na mwingine wa kula. Jua lote la leo na upepo wote vimeingia humu." Kisha akatugeukia sisi. "Na mimi nilikosea. Nilikipa kisanduku jicho moja. Ilitakiwa yawe zaidi, ili moja likidanganywa mengine yakatae."

Nilimtazama shemeji yangu wakati mwanamke yule anasema *nilikosea*. Alikuwa anamwangalia kwa dharau kabisa, kama mtu aliyeshinda hoja.

Betri kumi na moja zilikufa siku ile. Na kwa kuwa zimefungwana kama mnyororo, huwezi kuruka pete zilizokatika ukaendelea. Kwa miezi minne tulikuwa na umeme jua likiwepo tu, na wodi ikapewa taa za kuchaji. Betri mpya zilipokuja, mhandisi alifunga upya. Sasa paneli zina kipimo chao, kinu kina chake, betri zina chake, na kila kimoja kinajipunguza chenyewe kikiona volti zimezidi, hata kisanduku kikisema vingine. Ndani ya chumba, kwenye mlango wa seremala uliorudishwa, amebandika karatasi ya namba ambayo mtu yeyote anaweza kuja kuilinganisha na mita ya pampu.

Kamati haikumshtaki Bwana Swichi. Ilimwandikia barua kwamba "amepumzishwa kwa heshima," kwa sababu kila mjumbe alikumbuka siku aliyomtuma mtu kwenye mlango wa nyuma, na hakuna aliyetaka daftari lile lisomwe hadharani. Mwenyekiti alikuwa na ujasiri zaidi. Alimwandikia mhandisi kuuliza kama inawezekana ofisini kwake iwekwe swichi moja tu, ndogo, ya dharura. Jibu halijaja, na sasa ni mwaka wa pili.

Kazi akapewa fundi wa redio. Anakwenda asubuhi na ndara zake, anasoma mita, anaongeza maji ya betri, anapangusa paneli siku zenye vumbi, anafunga, anarudi dukani kwake. Nimemhesabia, ni saa moja. Bwana Swichi kazi hiyo hiyo ilimchukua kutwa nzima kwa miaka sita.

Siku hizi yuko nyumbani. Ukimpa nafasi atakwambia alihujumiwa, kwamba kisanduku kilikuwa kibovu tangu kiwandani, na kwamba asingekuwa yeye mtaa mzima ungeungua. Wapo wanaoitikia. Cheti bado kiko sebuleni. Mdogo wangu alikitoa mara moja akarudisha picha ya harusi, mume akakitundika tena, na sasa vimekaa viwili, kimoja kimeegemea kingine. Wateja wa mlango wa nyuma hawaji tena, na mdogo wangu anasema anapata usingizi wa mchana, kitu ambacho hakukijua tangu aolewe.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwona. Mdogo wangu alikuwa anakunja nguo, na mumewe kakaa kwenye kiti kile kile chenye mto, ambacho alikihamisha kutoka kwangu zamani akasema ni kizuri kwa mgongo.

"Shemeji," akasema, "siku ile ungenyamaza, tungelizungumza kama familia."

"Nilinyamaza miaka sita," nikamwambia.

Akajiegemeza kwenye mto wake. Baadaye akaomba chai, bila kumtaja aliyemwomba. Mdogo wangu akaendelea na shuka lake mpaka pembe nne zikakutana, kisha akamwonyesha kwa kidevu birika lilipo.